Julai madogo wako shule: jibu kwa dada wa Minneapolis anayetaka kuleta vijana Tandale

Dada yangu, pole na majukumu ya huko. Umeuliza hivi: usharika wenu wa Minneapolis, Watanzania na Wamarekani mchanganyiko, mmechanga dola 4,000. Mnataka kuleta vijana kumi na wawili mwezi wa saba, wakae wiki mbili huku Dar, Tandale au Manzese, wakihudumia watoto wa miaka 13 hadi 17. Na kama wazo hilo halifai, hela itumike vipi.

Mimi nafundisha darasa la vijana la Jumamosi kwenye mtaa mmoja wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, huku huku uswahilini (kwa wasio Walutheri, mtaa ni kanisa dogo lililo chini ya usharika, yaani parokia), na wageni wa namna hiyo nimeshawapokea.

Nianze na kalenda, maana kila mtu anairuka. Nyie likizo ndefu mnayo Julai. Huku shule zinafungwa mwanzoni mwa Juni, na Julai ikianza madogo wameshavaa sare. Kuna kikundi kilikuja na magitaa na maigizo yaliyofanyiwa mazoezi mwaka mzima, Jumatatu asubuhi kikakuta watoto wadogo wasioanza shule, kina mama wa jumuiya na mzee anayelinda kanisa. Waliokusudiwa walitokea saa kumi na moja jioni, wamechoka, nusu yao wanakimbilia tuisheni. Picha zilipendeza sana, nakiri.

Kipindi ambacho mtoto wa huku anatuponyoka ni Septemba hadi Januari. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba, shule inakuwa imemalizana nao, matokeo yanasubiriwa mpaka mwisho wa Oktoba au Novemba, na kidato cha kwanza ni Januari. Hapo katikati una mtoto wa miaka 13 au 14 asiye na pa kwenda asubuhi, na mama yuko sokoni tangu alfajiri. Wa kiume anazoea kijiwe, anajua mikeka ya kubeti kuliko anavyojua jedwali la kuzidisha kwa saba. Wa kike anatokea "shangazi" ambaye hajawahi kuonekana, anamchukua akafanye kazi za ndani Mbezi "mpaka matokeo yatoke". Matokeo yanatoka, amechaguliwa, yeye hayupo. Kidato cha nne ndio kabisa: mtihani Novemba, matokeo Januari, na kidato cha tano mpaka Julai.

Kwa hiyo kama hela ni yangu, inaenda kwenye miezi hiyo. Darasa la asubuhi siku tatu kwa wiki, Biblia, Kiingereza na hesabu za kuingilia kidato cha kwanza, mpira jioni, chai saa nne. Na inaenda kwa watu ambao mtoto atawakuta kesho na keshokutwa.

Nikupe mfano. Tulikuwa na binti anakuja na ndoo ya vitumbua. Mama yake hakuwa na shida na kanisa, shida ni kwamba vitumbua lazima viishe, kwa hiyo binti alikuwa anachungulia kipindi cha nyimbo tu kisha anaondoka. Mwalimu mwenzangu, dada mmoja mshonaji, anamfahamu yule mama kwa sababu wanachota maji bomba moja. Akaenda wakaongea. Tangu wiki iliyofuata vitafunwa vya chai ya darasa vikawa ni vile vitumbua, tukavinunua vyote, na binti akakaa mpaka sala ya mwisho. Hakuna mgeni wa wiki mbili angeliona hilo, hata awe na moyo wa dhahabu, kwa sababu asingejua kwamba ile ndoo ina mwenyewe.

Mwalimu huyo hana mshahara. Anafunga cherehani Jumamosi, siku ambayo wateja ndio wengi. Watu wa nje wanapenda kununua mipira, fulana zenye nembo na spika, lakini kumlipa huyu dada posho ya nauli na ile nusu siku anayopoteza wanaona si huduma. Mimi naona ndiyo huduma yenyewe. Tiketi za watu kumi na wawili kutoka kwenu mpaka Dar zinazidi hizo dola 4,000 zaidi ya mara mbili, na kwa hela hiyo hiyo walimu wawili wanafika Januari na chai inabaki.

Kitu kingine ni sare. Elimu bila ada ipo, ilianza 2016 hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu, begi na madaftari ni vya mzazi. Msilete nguo kwenye masanduku. Mafundi wa mtaani wanashona sare wenyewe, na mtoto anayepimwa Desemba anajua kuna watu wanamtegemea aripoti Januari.

Sasa suala ambalo Wamarekani wenu wataliuliza: wataokoka wangapi? Dada, Tandale majirani zetu wengi ni Waislamu, na mpira hauchagui dini. Watoto wao wanakuja mazoezini, tunawapokea, na mzazi anaambiwa waziwazi kwamba kuna neno la Mungu na sala. Akisema mwanangu acheze tu asikae kwenye neno, anacheza tu. Kumpa mtoto wa mtu chakula au viatu ili abadili dini nyuma ya mgongo wa baba yake ni ulaghai, na mtaa mzima utajua kabla ya magharibi. Kabla ya lolote nendeni na mchungaji kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mjitambulishe. Sisi hata imamu wa msikiti wa jirani tulimpa taarifa, na ndiye aliyetuonyesha kiwanja.

Usalama wa watoto msiuone kama karatasi za wazungu. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, mgeni asichukue namba ya simu ya binti wala kuendelea kumtumia hela binafsi, na picha zisipigwe bila ruhusa ya mzazi. Zinazopigwa zisimwonyeshe mtoto mchafu kamasi zikimtoka ili watu wachangie. Huyo mtoto ana simu ya dada yake, ataiona. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, ibandikwe ukutani.

Wakija wageni, viza ya utalii haitoshi kwa kazi za kujitolea. Mchungaji aulize Uhamiaji mapema kibali gani kinahitajika.

Kuhusu kutuma hela, pitisheni akaunti ya usharika, siyo namba ya simu ya mtu, mimi nikiwemo. Mfano mzuri uko jirani yenu: Sinodi ya Saint Paul (sinodi kwa Walutheri wa huko ni kama dayosisi) na Dayosisi ya Iringa ya KKKT wana ushirikiano wao wa Bega kwa Bega tangu miaka ya 1980, usharika kwa usharika. Waulizeni wale wazee wa Saint Paul wanavyofanya, wana uzoefu wa kutosha wa kukosana na kupatana.

Na vijana wenu msiwavunje moyo. Wawili watatu wanaoweza kukaa Oktoba hadi Desemba, mmoja wao awe anajua hesabu kweli, tunawahitaji kuliko kumi na wawili wa Julai. Barua ya usharika wenu iwe imefika kwa mchungaji kabla ya Agosti, maana walimu tunataka tuwe tumeshawapata kabla mtihani wa darasa la saba haujafanyika. Njoo PM nikupe utaratibu wa kumwandikia.