Programu za kompyuta ambazo mhandisi ujenzi kijana anapaswa kuzimudu

Wahandisi wahitimu wanaoomba nafasi ya kujifunza kazi hapa Tanga, chini ya mpango wa miaka mitatu wa SEAP unaosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, huandika katika wasifu wao orodha ndefu ya programu: AutoCAD, Civil 3D, Revit, ETABS, SAP2000, Prokon, ArcGIS na Primavera. Orodha hiyo haina ubaya, lakini hainisaidii kuchagua. Ninachotaka kujua ni kama mwombaji anaweza kukaa mbele ya jedwali la vipimo na kunieleza kila namba imetoka wapi, na kama ataligundua kosa la kompyuta kabla zege halijamwagwa. Uwezo huo haupimwi kwa wingi wa vyeti, na kwa maoni yangu programu chache zilizozoeleka vizuri zinautosheleza mwaka wa kwanza wa kazi.

Nianze na Excel, ingawa vijana wengi huidharau na kuiona programu ya makarani. BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake), ratiba ya kukata na kukunja nondo, hati za malipo ya mkandarasi na hesabu za maji ya mvua, vyote hupitia humo, na wengi watakaoikagua kazi yako hawatafungua programu nyingine yoyote. Kwa hiyo jenga jedwali ambalo mtu mwingine anaweza kulisoma bila wewe kuwepo: vipimo vilivyosomwa kwenye mchoro vikae mahali pao, kila kimoja na kizio chake na namba ya mchoro kilikotoka, na fomula zivisome kutoka hapo badala ya kufichwa namba tupu ndani yake. Pia uwe na hesabu za kichwani za kulisuta jedwali lako. Uzito wa nondo kwa mita moja, kwa kilo, ni kipenyo kwa milimita mara kipenyo, kugawanya kwa 162. Hivyo nondo ya milimita 12 ina kilo 0.89 kwa mita, kipande chake cha mita 12 kina kilo 10.7 hivi, na tani moja ni takriban vipande 94. Slabu ya mita 12 kwa 8 yenye unene wa milimita 150 inahitaji zege mita za ujazo 14.4. Mtu aliyezoea namba hizi akiona 144 katika jedwali hushtuka papo hapo, wakati mwingine yeyote ataipitisha kwa kuwa imechapwa vizuri.

Programu ya pili ni ya kuchora, na hapa kwetu hiyo ni AutoCAD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 na ambayo bado karibu kila ofisi inaitegemea. Chora kwa ukubwa halisi, kwa milimita, kisha skeli iwekwe wakati wa kupanga karatasi ya kuchapa. Tenganisha leya (tabaka za mchoro) za nguzo, kuta, nondo na maandishi, na uzipe majina yanayoeleweka. Kuna tabia moja ambayo siivumilii kabisa: mchoraji anabadilisha urefu wa chumba, anaona uvivu kusogeza mistari, basi anafuta namba ya kipimo na kuandika 3600 juu ya mstari ambao kwa kweli una milimita 3450. Karatasi inasema hivi na faili inasema vile. Mpimaji atakayechukua koordineti, yaani namba za kuonyesha mahali, kutoka kwenye faili atazipanga nguzo mahali pasipo pake, na fundi anayesoma karatasi atabishana naye siku nzima, kila mmoja akiwa na ushahidi mkononi. Kabla ya kutoa mchoro, uchapishe kwenye karatasi ya A3 kwa rangi nyeusi tu, utoke nao nje juani na uusome, kwa sababu fundi hana AutoCAD. Ana karatasi yenye vumbi la saruji au PDF kwenye simu. Hifadhi pia nakala ya faili katika toleo la zamani kidogo, kwani matoleo ya programu nayo ni waja leo waondoka leo, na ofisi unayoipelekea huenda haina jipya. Kuhusu umeme sina haja ya kusema mengi: weka hifadhi ya kujiendesha ya kila baada ya dakika tano.

Jambo la tatu vyuo vingi huliachia wapimaji ardhi, nami naona si sahihi kuliacha. Mhandisi lazima aelewe mifumo ya koordineti, na QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure, inatosha kabisa kwa kujifunzia. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu zimepimwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati simu yako na picha za setilaiti hutumia WGS84, mfumo wa GPS. Tanga iko katika kanda ya 37 Kusini ya UTM (mgawanyo wa dunia katika kanda za ramani zinazopimwa kwa mita) kwa mifumo yote miwili, kwa hiyo namba zinafanana sura na hakuna kinachokuonya, ilhali nukta moja hutofautiana kwa takriban mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Mita 300 zinatosha kukitia baharini kiwanja cha Raskazone. Katika QGIS mfumo wa kwanza una namba 21037 na wa pili 32737. Ukipokea faili yoyote, uliza imo katika upi kabla hujaweka hata mstari mmoja.

Sasa nije kwenye programu za kusanifu uimara wa majengo, ambazo ndizo vijana huzikimbilia kwanza. Chagua moja kulingana na ofisi uliyopo. Prokon, iliyotengenezwa Afrika Kusini, inafaa kwa kusanifu bimu, nguzo na misingi kimoja kimoja. ETABS inafaa zaidi kwa jengo zima la ghorofa. Hakikisha unajua programu imewekewa kanuni ipi, kwa sababu ofisi nyingi bado zinatumia BS 8110, kanuni ya zege ya Uingereza ambayo Waingereza wenyewe waliiondoa mwaka 2010 na kuiweka Eurocode 2 ya Ulaya mahali pake, na si halali kuchanganya viwango vya usalama vya moja na mizigo ya nyingine. Kisha pima programu kwa mfano mdogo. Chukua bimu ya mita 5 iliyoegemea ncha zote mbili, yenye mzigo wa kilonewtoni 20 kwa kila mita. Kwa kalamu, momenti (nguvu ya kupinda) ya katikati ni 20 mara 5 mara 5, kugawanya kwa 8, yaani kilonewtoni-mita 62.5. Kompyuta ikikupa 70.6, usiseme imekosea. Bimu ya milimita 230 kwa 450 ina uzito wake wa karibu kilonewtoni 2.6 kwa mita, na programu imeujumlisha yenyewe. Ikiwa ulikwisha kuuweka uzito huo ndani ya zile 20, basi umeuhesabu mara mbili, na katika jengo la ghorofa kadhaa kosa la namna hiyo hugharimu nondo nyingi.

Kwa wanaoelekea kwenye maji na barabara, HEC-RAS ya Jeshi la Wahandisi la Marekani, ya kukokotoa mtiririko wa mito na mitaro, na EPANET ya mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, ya mitandao ya mabomba, hupatikana bila malipo, na ni kazi za watu makini. Tatizo huwa katika kinachoingizwa humo. Mji wetu ni tambarare. Mtaro unaopita kati ya zile barabara za namba za Ngamiani ukipewa mteremko wa 1 kwa 300 utashuka sentimita 33 tu katika mita 100. Data ya miinuko ya SRTM, iliyopimwa kutoka angani na inayopakuliwa bure, ina nukta kila baada ya mita 30, na makosa yake ya kimo huwa ya mita, si sentimita. Inafaa kukadiria eneo linalokusanya maji ya mto mkubwa kama Zigi, lakini kusanifu mtaro wa mtaani kwa data hiyo ni kubahatisha, hata kama picha inayotoka ina rangi za kupendeza. Hapo hakuna njia ila kwenda na levo, chombo cha kupimia miinuko, na kupima.

Revit, ya kuchora jengo kwa umbo lake kamili, na Primavera, ya kupanga ratiba za mradi, zinaweza kusubiri mpaka mradi uzidai. Kuhusu leseni, nakushauri usitumie nakala zilizovunjwa, ambazo mara nyingi huja na virusi. Autodesk inawapa wanafunzi programu zake bure kwa masomo, kwa hiyo itumie nafasi hiyo ukiwa bado chuoni. Tafuta jengo dogo la ghorofa moja unaloruhusiwa kuingia, lipime kwa futi ya mkanda, lichore, andaa BOQ yake na usanifu bimu moja kwa kalamu na kwa programu. Faili hizo zilete siku ya usaili pamoja na karatasi zako za hesabu, maana maswali yangu mengi yatatoka humo.