Mionzi: maswali ya madaktari na majibu yetu

Niko mwaka wa nne wa udaktari. Vipimo vya mionzi nakariri kisha nasahau. Nishike kipi?

Shika viwili. Grei (Gy) hupima nishati iliyoingia kwenye nyama ya mwili. Sivati (Sv) hukadiria athari yake kwa mwili mzima, hasa saratani. Kisha jipangie ngazi ya milisivati (mSv), yaani sehemu ya elfu ya sivati, kichwani. Eksirei ya kifua ni 0.02 hadi 0.1, CT (eksirei ya kompyuta ya vipande vya mwili) ya kichwa kama 2, CT ya tumbo na nyonga kama 10. Mionzi ya asili, ya ardhini, angani na kwenye chakula, ni wastani wa 2.4 kwa mtu kwa mwaka. Altrasaundi na MRI hazina mionzi ya aina hii kabisa, na bado wapo madaktari wanaoziweka kapu moja na CT.

Mgonjwa akiniuliza, "Hii CT haitanipa saratani?"

Usimwambie haina madhara, wala usimtishe. ICRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, hukadiria nyongeza ya kama asilimia 5 kwa kila sivati 1. Kwa mSv 10 inakuja mtu 1 kati ya 2,000, juu ya hatari ambayo kila mtu anayo tayari. Ni hesabu ya watu wa rika zote: mtoto yuko juu ya hapo, mzee wa miaka 80 chini sana. Halafu mweleze majibu ya picha yatabadilisha nini katika matibabu yake. Ukikosa la kumweleza, fomu ya kuomba CT isijazwe.

Mama alipigwa CT ya tumbo akiwa na mimba ya wiki 8 bila kujua. Ameshauriwa aitoe.

Ushauri huo hauna msingi. CT moja ya tumbo na nyonga kwa kawaida humfikishia mtoto chini ya miligrei (mGy) 50, na ICRP inasema dozi ya chini ya mGy 100 si sababu ya kutoa mimba. Usikisie: chukua rekodi ya mashine, uhesabu picha ilipitishwa mara ngapi, mpe mwanafizikia wa tiba akokotoe.

Naunga mifupa kwa mashine ya eksirei ya mkono wa C. Aproni ya madini ya risasi inatosha?

Haitoshi, kwa sababu macho yako nje. Mwaka 2011 ICRP ilishusha kikomo cha lenzi ya jicho kwa wafanyakazi kutoka mSv 150 hadi wastani wa 20 kwa mwaka. Mionzi inayokupata hutawanyika kutoka mwili wa mgonjwa, zaidi upande inakoingilia. Kwa hiyo bomba la eksirei likae chini ya meza na kipokea picha kiwe karibu na mgonjwa. Vaa miwani ya risasi. Ukirudi nyuma kutoka mita 1 hadi 2, dozi hushuka hadi robo hivi. Aproni itundikwe: ikikunjwa hupasuka ndani bila kuonekana. Na ile beji ya kupima dozi, ikibaki drooni inapima droo.

Akiletwa majeruhi wa ajali ya mionzi, wauguzi wanaogopa kumgusa. Tuanzeje?

Njia ya hewa, damu, mshtuko kwanza, kama majeruhi yeyote. Aliyepigwa mionzi tu hana cha kumwambukiza mtu. Mwenye vumbi la mionzi mwilini mvue nguo ukizikunja ili upande wa nje ubaki ndani; sehemu kubwa ya uchafu huondoka nazo. Mwoshe kwa sabuni na maji vuguvugu bila kusugua hadi ngozi ichubuke. Andika saa aliyoanza kutapika, na urudie hesabu ya limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) kila saa 6 hadi 12 kwa siku mbili: zinavyoporomoka haraka ndivyo dozi ilivyokuwa kubwa. Vidonge vya iodini hulinda tezi ya thairoidi dhidi ya iodini ya mionzi tu. Kwa sizi (cesium), dutu nyingine ya mionzi, havisaidii.

Ila wengi hawaji na jina la ajali. Goiânia, Brazil, mwaka 1987, watu walibomoa mashine ya tibamionzi iliyotelekezwa yenye sizi-137. Wagonjwa wa kwanza walidhaniwa wamedhurika na chakula au wana ugonjwa wa kitropiki. Zilipita kama wiki mbili kabla chanzo hakijajulikana, na wanne wakafa. Kwa hiyo mtu mwenye kidonda kama cha moto asiyekumbuka kuungua, tena anatapika, muulize kama ameokota au kuuza chuma chochote.