Kihispania cha sekondari ukifika chuo kikuu
Umeuliza, dada, kama uliyesoma Kihispania sekondari utaanza upya chuo kikuu. Huanzi upya, mradi idara iwe na madarasa mawili, la wanaoanza na la walioendelea. Watakupa mtihani wa kukupima kwanza. Alama za sekondari peke yake hazitoshi. Nimepitia njia hiyo hapa Kampala. Kusoma sikupata shida, kilichonibana ni kusema. Sisi tuliokulia kwenye Luganda huchanganya r na l, na Kihispania hakisamehe: *pelo* ni nywele, *pero* ni lakini, *perro* ni mbwa. Yatamke hayo matatu kwa sauti kila asubuhi mpaka ulimi uzoee. Wengi pia huogopa *quiero que vayas*, lakini ni "nataka uende" yetu ileile: kama "unaenda" inavyogeuka "uende", ndivyo *vas* inavyogeuka *vayas*. Hapo Kiswahili chako kitakubeba kweli. Ila iulize idara kabla hujalipa ada, maana penye darasa la wanaoanza tu utaketi nao. Cheti cha DELE, yaani kile cha kimataifa cha kuthibitisha kiwango chako cha Kihispania, kama unacho nenda nacho, hakiishi muda.