Komoro kwa ufupi

Uliyeuliza Komoro ikoje na mtu anazungukaje huko: ni visiwa vitatu, Ngazija, Nzwani na Mwali, kati ya Msumbiji na Madagaska. Wenyewe wanahesabu vinne, maana uhuru ulipotangazwa 1975, Maore (Mayotte) ilibaki kwa Ufaransa, na jambo hilo halijaisha mpaka leo.

Mji mkuu, Moroni, uko Ngazija, chini ya Karthala, volkano hai ya zaidi ya mita 2,300. Ardhi yake inanyonya maji, kwa hiyo kisiwa hakina mito ya kudumu na watu wengi hukinga mvua kwenye matangi. Nzwani ina mito, na maua ya langilangi ya kutengenezea manukato.

Kikomori ni jamaa wa Kiswahili. Utaambulia maneno mengi. Harusi kubwa ya Ngazija, ada, mtu huiwekea akiba miaka mingi. Bila hiyo, hata uwe na shahada ngapi, kwenye baraza la kijiji huhesabiki mtu mzima kamili.

Treni hakuna. Mjini unapanda teksi za kuchangia, kati ya visiwa boti au ndege ndogo. Mimi ningechagua ndege, bahari ile ikichafuka si ya mzaha.