Mleta mada, usiguse stepu za mashine kwa ajili ya 0.33

Acha! Hiyo $100 (si dola, ni mpangilio wa mashine ya leza unaosema mota ipige stepu ngapi kwa kila mm ya mlalo) uliyosema utaibadili leo usiku, usiibadili. Soma kwanza.

Unasema duara lako la mm 60, ukilifanya maski (umbo linaloacha sehemu ya ndani tu ya picha ionekane) juu ya picha ya Kibo kwenye LightBurn, programu ya kuendeshea leza, kisha ukaigandisha maski (picha ikakatwa moja kwa moja kwa umbo hilo), picha inasoma 60.33, na kwenye visahani vya kuwekea glasi ukingo wa picha haukai sawa na mkato. Mchangiaji wa tatu hapo juu kakujibu kishujaa: "Rekebisha stepu, zidisha kwa 60 gawanya kwa 60.33."

Mkuu, hiyo 60.33 umeisoma kwenye skrini. Mashine haijasogea hata unywele, stepu zinaingiaje? Ni kumpelekea fundi cherehani suruali aibane kwa sababu umeiona pana kwenye picha.

Picha ni pikseli, na pikseli haikatwi nusu. Kama picha yako iliingia kwa DPI 96 (pikseli 96 kwa kila inchi, yaani kila mm 25.4), kila pikseli ni 25.4 ÷ 96, yaani mm 0.265 hivi. Duara la 60 linataka pikseli 226.8. Likikaa bila kulingana na mipaka ya pikseli, linagusa vipande vya pikseli kushoto na kulia, na zote zilizoguswa zinabebwa: 228. Zidisha uone, 60.33. Hakuna jini humo.

Sasa tazama hasara ya ushauri ule. Stepu zako ni 80, ukipiga hesabu yake unapata 79.56. Kuanzia hapo ubao wa mm 300 unatoka 298.36, na mfuniko uliokatwa jana haukai kwenye boksi la leo. Ukibadili $100 peke yake ukasahau $101, ya wima, kila duara linakuwa yai. Na utamu wenyewe ni huu: ukirudi kwenye skrini, picha bado inasoma 60.33! Utarekebisha tena. Na tena. Huko ndiko plaiwudi zinakoishia jikoni kuwashia moto.

Waliotukaririsha kwamba kipimo chochote kikigoma dawa ni stepu watulipe mbao zetu. Mimi nadai plaiwudi nane za mm 3. Usingizi nimewasamehe.

Kanuni ni moja: kosa lisilokua na kipimo si la stepu. Chora miraba miwili, wa mm 14 na wa mm 140 (kalipa nyingi zinaishia 150, usijitese na 200). Kata, pima. Wa kwanza ukipungua 0.18 na wa pili 0.18 ileile, huo ni upana wa mwali wa leza, unakula nusu kila upande. Wa kwanza ukipungua 0.1 na wa pili 1, kosa limekua mara kumi, hapo ndipo unazungumza stepu. Na hata hapo, andika $$ kwanza (amri ya kuonyesha mipangilio yote ya mashine) unakili namba za zamani kwenye karatasi. Pima mlalo na wima. Upande mmoja ukiyumbayumba kila ukirudia, kaza mkanda wa mashine.

Upana wa mwali upate hivi: kata miraba mitano ya mm 20, ibananishe kwa mstari, pima yote pamoja. Ikisoma 99.1 badala ya 100, gawanya 0.9 kwa 5, ni 0.18. Kwenye leya ya kukata (tabaka la mipangilio ya mkato ndani ya LightBurn) weka nusu yake, 0.09, kwenda nje. Kwenye mchoro hutaona badiliko lolote, usishtuke.

Kwa visahani vyako, kabla ya kuweka maski bonyeza Ctrl+D ili duara liwe mawili. Moja liwe maski, la pili libaki vekta (mstari mtupu, si pikseli) kwenye leya ya kukata, mm 60 kamili. Mkato ufuate vekta hiyo, kamwe usifuate ukingo wa picha. Lile la maski lipunguze mm 0.5 kila upande libaki 59, upate kimpaka kisafi kinachomeza makosa yote haya. Mteja atadhani ni urembo.

Kugandisha maski si lazima, picha inachongwa vizuri tu bila hivyo. Ukilazimika, ifanye kwanza picha iwe DPI 254 kwa ukubwa wake halisi, pikseli inakuwa mm 0.1 na ziada inashuka hadi 0.2 ikizidi sana. Ila usithubutu kuandika 60 kwenye kisanduku cha upana cha picha iliyokwisha kugandishwa ili "kuinyoosha". Utaiminya mandhari na bado ukingo hautakaa.

Kama ulishabadili kabla ya kusoma hapa, andika $100=80 na $101=80, mradi 80 ndiyo uliyoikuta, kisha kata ile miraba miwili ulete vipimo.