Injini ile ile, madereva wale wale: McLaren ya 2023 ilipata wapi kasi?

Swali: Nilifuatilia langalanga mwaka 2023. McLaren ilianza msimu kwa kusuasua, lakini kuanzia Julai ikawa inapanda jukwaani. Waliongeza nguvu ya injini? Na kama tatizo walilijua, mbona walichelewa hivyo?

Jibu: Ndugu, injini itoe kabisa kwenye hesabu. Walitumia ya Mercedes, na tangu 2022 kanuni zilizuia timu kuziongezea injini nguvu. Kasi ilitoka chini ya gari, kwenye sakafu.

Magari ya kizazi kile yalikuwa na mikondo miwili chini ya tumbo. Hewa ikibanwa pale huenda kasi, shinikizo lake hushuka, na gari hunyonywa kuelekea lami. Hewa ya nje ikipenyeza kwenye kingo za sakafu, mnyonyo huo hupungua na dereva hawezi tena kuingia kona kwa kujiamini.

Tatizo walilijua mapema. Kabla ya mbio za kwanza timu ilikiri kwamba gari halikufikia malengo, na Machi idara ya ufundi ikapangwa upya. Sakafu mpya ilifika kwenye mbio za Baku, Azabajani, mwishoni mwa Aprili. Lakini sakafu peke yake haitoshi, kwa sababu hewa inayoifikia imekwisha kuchezewa na bawa la mbele na tairi, na mbavu za gari, yaani sehemu zake za ubavuni, ndizo zinazoielekeza nyuma. Ukigusa kimoja, umevigusa vyote. Halafu kila kipande kinahitaji kalibu yake, nyuzi za kaboni zipangwe kwa mkono tabaka kwa tabaka, kisha ziokwe. Saa za handaki la upepo, chumba cha kupulizia hewa gari au mfano wake ili kupima, nazo zina kikomo, na handaki jipya la McLaren lilianza kutumika Agosti. Kabla ya hapo walisafiri hadi Cologne, Ujerumani, kupima.

Hata handaki halitoshi kuaminiwa. Ukiona gari la mazoezi limepakwa rangi nzito inayong'aa, tazama michirizi yake baada ya mizunguko michache: inaonyesha hewa imepita wapi hasa. Isipofanana na ile iliyotabiriwa na kompyuta, kazi inarudi mezani.

Jibu la wazi lilikuja Austria, Julai 2. Mbavu mpya, sakafu na kifuniko cha injini vilikuwa tayari kwa gari moja tu, akapewa dereva Lando Norris. Alimaliza wa 4. Dereva mwenzake Oscar Piastri, mwenye gari la zamani, hakupata pointi hata moja. Kwangu mimi hakuna kipimo kizuri kuliko hicho: timu moja, barabara moja, siku moja. Wiki iliyofuata, Silverstone, Uingereza, Piastri naye alipata sehemu kubwa ya vifaa hivyo; Norris akamaliza wa 2 na Piastri wa 4.

Baada ya mbio 8 walikuwa na pointi 17. Walimaliza msimu wa mbio 22 wakiwa na 302, nafasi ya 4.

Ila kona za polepole ziliendelea kuwatesa. Mnyonyo hukua kwa mraba wa kasi: ukienda nusu ya kasi, unabaki na robo yake tu. Ndiyo maana Qatar, kwenye kona ndefu za kasi, Piastri alishinda mbio fupi ya Jumamosi, na mwezi uliofuata Las Vegas, penye kona nyingi za polepole, magari yote mawili yakatolewa kwenye raundi ya kwanza ya kufuzu.