Ivy Queen: kutoka kundi la The Noise hadi kusimama peke yake

Umeuliza kama Ivy Queen, mwimbaji wa reggaeton (muziki wa kurap na kucheza wa Kihispania), alianza peke yake, na kama jukwaani anaimba kweli au ni mambo ya studio tu. Hapana, hakuanza peke yake: alianzia The Noise, kundi la ma-DJ na marapa kule San Juan, Puerto Rico, miaka ya 90, msichana peke yake katikati ya madume. Albamu yake ya kwanza mwenyewe, En Mi Imperio, ilitoka 1997, ila uliompaisha hasa ni wimbo Quiero Bailar wa 2003. Humo anamwambia jamaa wazi: kucheza na wewe si kwamba tutaishia kitandani.

Jukwaani ndiko utamu ulipo. Ana sauti nzito, ya kukwaruza kidogo, na mistari anairusha bila kusita. Quiero Bailar ukipigwa, wanawake ukumbini huimba mstari mzima wenyewe, yeye kashusha maiki anawatazama tu. Na zile kucha ndefu! Sijui anashikaje maiki. Kwangu mimi ukimsikiliza studio tu umepata nusu.